Daftari la Tawi Katika Kompyuta: Tuchague Kifaa Gani?



Daftari la tawi ni silaha ya kwanza ya chama. Ndani yake yamo majina ya wanachama, ada waliyolipa, malalamiko waliyoleta na tarehe yalipojibiwa. Mwajiri anapokuja mezani na karatasi zake zilizopigwa chapa, mwakilishi wa wafanyakazi asiye na daftari hana la kusema isipokuwa kwamba watu wananung'unika. Mwenye daftari husema: kilo zilizopimwa mwezi huu ni hizi, kilo zilizolipwa ni hizi, tofauti ni hii hapa, na majina ya waliopunjwa ni haya.

Siku hizi matawi mengi yanataka daftari hilo liingie katika kompyuta, ili mchuma chai aliye shamba la mbali aandike kilo zake kwa simu siku ile ile, na katibu azione jioni bila kungoja karatasi iliyolowa mvua. Nia hiyo ni njema. Lakini lazima tujiulize mapema: nani atalitengeneza daftari hilo, kwa kifaa gani, na kesho litakuwa mikononi mwa nani?

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kununua programu kwa mfanyabiashara na kumlipa kila mwezi. Hapo majina ya wanachama hukaa katika mashine yake, na siku tawi likikosa fedha mlango hufungwa, sisi tukabaki nje. Njia ya pili ni kuwatumia vijana wetu wenyewe, watoto wa wafanyakazi waliosoma kompyuta, watengeneze daftari kwa vifaa ambavyo havina mwenyewe wa kuvifunga. Makala haya yanahusu njia ya pili.

Mimi elimu yangu ni ya shule ya msingi. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kukaa na vijana wanaoifanya kazi hiyo na kuwauliza maswali mpaka jambo likawa wazi. Nitayaeleza kwa lugha ya kawaida, kwa sababu anayeamua kifaa gani kitumike si fundi peke yake. Mkutano wa tawi nao una haki ya kuamua, na hauwezi kuamua jambo usilolielewa.

PYTHON NI NINI, NA KIUNZI NI NINI

Kompyuta hufuata maagizo yaliyoandikwa. Lugha mojawapo ya kuandikia maagizo hayo ni Python. Ilianzishwa na Guido van Rossum, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam. Alianza mwishoni mwa mwaka 1989, na toleo la kwanza likatolewa kwa watu mwaka 1991. Watu wengi huipenda kwa sababu maandishi yake yanasomeka. Hata mtu asiye fundi akielezwa mara moja, anaweza kufuata mstari kwa mstari na kujua programu inafanya nini.

Python ni programu huria. Maana yake ni kwamba maandishi yake yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyatumia, kuyabadili na kumgawia mwenzake, bila kulipa ada ya leseni. Tuelewe vizuri hapo. Programu huria haiji na dhamana. Ikiharibika, hakuna ofisi ya kwenda kugonga mlango. Uhuru wa kuitumia unakuja pamoja na wajibu wa kuitunza.

Sasa tuangalie daftari linavyofanya kazi. Mwanachama anapofungua ukurasa wa daftari kwa simu yake, ombi husafiri mpaka kwenye mashine inayolitunza. Mashine hiyo lazima ijue ukurasa gani umeombwa, imtambue mwombaji, isome au iandike katika daftari, kisha irudishe jibu. Hatua hizo ni zile zile kwa kila tovuti duniani, iwe ya benki, ya gazeti au ya tawi la chama. Kwa hiyo mafundi waliziandika mara moja na kuzitoa bure, ili wengine wasirudie kazi. Mkusanyiko wa maandishi hayo nitauita kiunzi. Ni kama miti ya nyumba iliyokwisha kusimamishwa: wewe unakuja kukandika udongo, kuezeka na kutia milango unakotaka.

Viunzi vya Python ni vingi. Vingine ni vyepesi, yaani miti michache tu. Vingine huja na kuta, paa na kufuli kabisa. Vijana hupenda kusema kwamba chepesi ndicho bora. Tuvipime kimoja kimoja kwa kazi yetu wenyewe, yaani daftari la kilo, ada na malalamiko.

BOTTLE: FAILI MOJA TU

Bottle, maana yake chupa, ilitolewa mwaka 2009 na Mjerumani aitwaye Marcel Hellkamp. Ajabu yake ni udogo. Kiunzi kizima ni faili moja, nayo haidai kitu kingine isipokuwa Python yenyewe. Unaweza kuibeba katika flashi, ukaiingiza katika kompyuta ya ofisi ya tawi ambayo haijapata kuona intaneti, na ikafanya kazi.

Kwa tawi lililo mbali na mji, ambako umeme hukatika na bando la intaneti ni ghali, faida hiyo si ndogo. Katibu anaweza kuwa na kompyuta moja ofisini, na simu za wajumbe zikaunganishwa nayo kwa mtandao mdogo wa humo humo ofisini. Daftari lenyewe huwekwa katika SQLite, programu ya kutunza orodha ambayo huja pamoja na Python tangu mwaka 2006. SQLite huweka kila kitu katika faili moja. Jioni, wakati hakuna anayeandika, katibu ananakili faili hiyo katika flashi mbili, moja anakwenda nayo nyumbani na moja anampa mwenyekiti.

Upungufu wake ni upi? Kwanza, seva ndogo inayokuja nayo hushughulikia ombi moja kwa wakati mmoja. Siku ya mwisho wa mwezi, wachuma mia mbili wakiandika kwa pamoja, watapanga foleni kama ile ya kwenye mizani. Dawa ipo, maana Bottle inaweza kuwekwa juu ya seva nyingine yenye nguvu zaidi, lakini hapo tayari umeongeza kifaa cha pili. Jambo la pili ni kwamba Bottle haina mlango wa kuingilia wenye jina na neno la siri; kijana wenu atautengeneza mwenyewe au atautafuta kwingine. La tatu ni wingi wa mikono. Toleo la 0.12 lilitoka mwaka 2013, na toleo la 0.13 halikutoka mpaka mwaka 2024. Katikati kasoro ziliendelea kurekebishwa, lakini miaka kumi na zaidi inatuonyesha kwamba watunzaji wake ni wachache. Kifaa kidogo chenye watu wachache kinaweza kudumu sana, mradi kazi yenyewe ibaki ndogo.

FLASK: CHEPESI CHENYE NDUGU WENGI

Flask nayo ni chupa, na jina hilo lilichaguliwa kwa mzaha juu ya ile ya kwanza. Kuzaliwa kwake kulikuwa mzaha pia. Tarehe 1 Aprili 2010, siku ya wajinga, fundi wa Austria aitwaye Armin Ronacher alitangaza kiunzi cha uongo cha faili moja, akiwacheka wale walioamini kwamba kila kitu kinaweza kubanwa katika faili moja. Watu wakakipokea kwa dhati. Alipoona hivyo, akatengeneza cha kweli, na mwezi ule ule Flask ikatolewa. Tangu mwaka 2016 inatunzwa na kundi la mafundi wa kujitolea liitwalo Pallets, si mtu mmoja tena.

Ukurasa wa kwanza wa Flask huandikwa kwa mistari mitano. Nimeiona mistari hiyo, na nikiwa na mtu wa kunieleza niliifuata yote. Tofauti na Bottle, Flask haikujitosheleza peke yake. Inahitaji vifurushi vingine vichache, kama Werkzeug inayopokea maombi na Jinja inayopanga maandishi ya ukurasa. Hivyo kwa kawaida utahitaji intaneti siku ya kuiweka.

Nguvu ya Flask ni watu. Vitabu vilivyoandikwa juu yake ni vingi, masomo ni mengi, na vifaa vya nyongeza vilivyotengenezwa na wengine ni vingi: kimoja cha kuingilia kwa neno la siri, kimoja cha fomu, kimoja cha kutunza orodha. Kijana wenu akikwama saa nne usiku, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwingine alikwama pale pale kabla yake na jibu limeandikwa.

Lakini hapo hapo pana mtego. Flask haikuchagulii nyongeza gani utumie. Kijana mmoja atachagua hizi, mwingine zile. Baada ya miaka miwili daftari la tawi hili halifanani hata kidogo na la tawi jirani, ingawa yote mawili yanasemwa kuwa ni ya Flask. Yule wa kwanza akipata kazi mjini akaondoka, anayerithi lazima ajifunze uchaguzi wote wa mwenzake. Zaidi ya hayo, kila nyongeza ina mtunzaji wake, na baadhi yao huchoka wakaacha.

Pana onyo moja ambalo kila tawi linapaswa kulijua. Flask huja na seva ya majaribio, na watunzaji wake wenyewe wameandika wazi kwamba seva hiyo isitumike kwa kazi halisi. Ikiwashwa katika hali ya kutafuta makosa, inaweza kumpa mtu wa nje nafasi ya kuendesha amri ndani ya mashine yenu. Kijana akisema "kazi imekwisha, inafanya kazi", mwulize: inaendeshwa na seva gani? Kama bado ni ile ya majaribio, kazi haijaisha. Zipo seva za bure za kazi halisi, kama Gunicorn na Waitress, na kuziweka si kazi ya wiki nzima.

DJANGO: NYUMBA YENYE KUTA NA KUFULI

Django si kiunzi chepesi, lakini hatuwezi kuvipima vyepesi bila kukiweka hiki upande wa pili wa mizani. Kilianza mwaka 2003 katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza kurasa za gazeti hilo, na kazi ilitakiwa kesho, si mwezi ujao. Kwa hiyo walijijengea kifaa chenye kila kitu kinachohitajika kila siku. Kilitolewa kwa watu mwaka 2005, na tangu 2008 kinasimamiwa na shirika lisilo la faida liitwalo Django Software Foundation.

Ukiieleza Django kwamba daftari lako lina jina, namba ya uanachama, tarehe na kilo, yenyewe inakutengenezea kurasa za kuongeza, kurekebisha na kutafuta, pamoja na mlango wa kuingilia. Inatunza maneno ya siri kwa namna ambayo hata anayeiba faili hayasomi kwa urahisi. Inakuruhusu kuamua kwamba mweka hazina ataona ada bila kuona malalamiko, na katibu ataona malalamiko bila kugusa ada. Katika Bottle na Flask mambo hayo yote ni kazi ya mikono yenu.

Tena, Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zinazotambuliwa na Django. Na wafuasi wake hawako mbali nasi: mwezi Novemba 2023 mkutano wa Afrika wa watumiaji wa Django ulifanyika Zanzibar.

Gharama yake ni kujifunza. Kijana aliyeanza Flask asubuhi ana ukurasa jioni. Anayeanza Django hupita siku kadhaa akijifunza mafaili gani yanakaa wapi kabla ya kuona matunda. Tena Django hutoa toleo jipya takriban kila miezi minane. Baadhi ya matoleo huahidiwa kurekebishiwa kasoro za usalama kwa miaka mitatu hivi, na tawi linapaswa kuchagua hayo. Lakini kuhama hakukwepeki. Anayepanga nyumba kubwa ajue na kazi ya kuifagia.

FASTAPI: MPYA NA YA HARAKA

Kiunzi cha nne mtakachosikia vijana wakikisifu ni FastAPI. Kilitolewa mwishoni mwa mwaka 2018 na Sebastián Ramírez, mzaliwa wa Kolombia. Kazi yake hasa si kupanga kurasa za kusomwa na watu. Kazi yake ni kuziwezesha programu kuzungumza: programu iliyo ndani ya simu inatuma kilo, mashine inapokea na kujibu. Sifa yake moja inatufaa sana. Ukiiambia kwamba kilo lazima iwe namba, mtu akituma neno badala ya namba inakataa yenyewe na kueleza kosa liko wapi. Makosa mengi ya daftari huingia pale pale mlangoni.

Kama chama kina programu yake ya simu, FastAPI inafaa. Kama kinachotakiwa ni kurasa chache za kufunguliwa kwa simu ya kawaida ya intaneti, basi tutakuwa tumenunua trekta la kulimia bustani ya sukuma.

NA WENYE SIMU ZA TOCHI?

Ndugu, tusijidanganye. Wachuma wengi na wakata miwa wengi wana simu ndogo za tochi ambazo hazifungui ukurasa wowote. Daftari linalomwacha mfanyakazi huyo nje si daftari la chama.

Njia ipo. Ni ile ya kubonyeza nyota, namba na reli, kama tunavyofanya tukiangalia salio la simu. Yapo makampuni yanayounganisha namba hizo na mashine ya mtu yeyote anayelipia huduma, mojawapo ni Africa's Talking iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010. Mwanachama akibonyeza, kampuni hutuma maneno yake kwenye anwani yenu ya intaneti, na mashine yenu hujibu kwa maandishi matupu: "Andika kilo za leo", kisha "Asante, zimepokewa".

Hapa ndipo kiunzi chepesi kinapong'ara. Hakuna picha, hakuna rangi, ni swali na jibu tu. Bottle au Flask itafanya kazi hiyo kwa ukurasa mmoja wa maandishi. Huduma yenyewe, hata hivyo, hulipiwa. Mweka hazina aipigie hesabu kabla mkutano haujapiga makofi.

MZIGO UNABAKI KWA NANI?

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Vijana wanapima wepesi kwa kuhesabu mistari ya maandishi au dakika za kuanzia kazi. Sisi wa chama tunapaswa kuupima kwa mizani nyingine: baada ya kifaa kusimama, ni mzigo kiasi gani umebaki mabegani mwetu, na kuna mabega mangapi ya kuubeba?

Chukua mlango wa neno la siri. Katika Django umekwisha kutengenezwa, na watu wengi duniani wanaukagua. Katika kiunzi chepesi anautengeneza kijana wenu mmoja. Kwa daftari la vikombe vya chai ya mkutano, haidhuru. Kwa orodha ya wanachama wa chama, hatari ni kubwa. Orodha hiyo ikiangukia mikononi mwa msimamizi mwenye chuki, kesho utasikia nani amehamishwa kwenda shamba la mbali na nani mkataba wake haukuandikwa upya. Hapo wepesi wa mwanzo umemletea mtu mwingine uzito.

Lakini kinyume chake nacho ni kweli. Tawi lenye wanachama themanini na kompyuta moja likibebeshwa nyumba kubwa, hakuna atakayeifagia. Matoleo mapya yatapita, kasoro zitabaki wazi, na mwisho wake kufuli lenyewe litashika kutu.

Historia inatupa mfano. Aaron Swartz wa Marekani aliandika kiunzi chepesi kiitwacho web.py, na tovuti ya Reddit ilipoandikwa upya kwa Python mwaka 2005 ilisimama juu yake. Kilitolewa kwa watu mwaka 2006. Swartz alifariki mwaka 2013, naye alikuwa amekwisha kuwaachia wengine kazi ya kukitunza, kwa hiyo hakikufa naye. Kisha ikaja tarehe 1 Januari 2020, siku ambayo Python ya pili iliacha kutunzwa na kila mtu akatakiwa awe amehamia Python ya tatu. Programu zilizokuwa na watunzaji zilihama. Zisizo na mtu zilibaki nyuma, pamoja na kazi za wote waliozitegemea.

Basi, kabla ya kuchagua, mkutano wa tawi uulize maswali haya:

Kwanza, watu wangapi wataandika katika daftari kwa wakati mmoja, na ni wa ngazi ngapi? Kama ni katibu na wajumbe wachache ndani ya ofisi moja, Bottle inatosha.

Pili, tuna vijana wangapi wanaoweza kulisoma daftari hili, si kulitumia tu? Kama ni wawili au watatu na kazi ni ya kiasi, Flask inafaa, kwa sharti kwamba nyongeza ziwe chache na ziandikwe orodha pamoja na sababu ya kila moja.

Tatu, yamo majina, ada na siri za watu wa matawi mengi? Kama ndiyo, hiyo ni kazi ya makao makuu, na Django ndiyo salama zaidi ingawa ni nzito.

Nne, kuna programu ya simu itakayozungumza na daftari? Hapo FastAPI iingie katika mjadala, si kabla.

Na swali la tano linahusu vifaa vyote: kijana aliyetengeneza akiondoka kesho, nani anajua neno la siri la mashine, nakala ya daftari iko wapi, na maelezo yameandikwa kwa lugha gani? Kama majibu yote yako kichwani mwa mtu mmoja, basi tumemkimbia mfanyabiashara tukajikabidhi kwa mtu mwingine.

YA KUFANYA KATIKA TAWI

Kila tawi linaloanza kazi hii lichague vijana wawili, si mmoja, na mmoja wao awe msichana, kwa sababu mashambani wachuma wengi ni wanawake na malalamiko mengine hawatamwandikia mwanamume. Vijana hao waandike maelezo ya daftari kwa Kiswahili au kwa lugha inayosomwa na kamati. Kila baada ya miezi mitatu yule ambaye hakuandika sehemu fulani aieleze mbele ya kamati, tujue kama inasomeka.

Tusiandike zaidi ya tunachohitaji. Kilo, siku, kiasi kilicholipwa na namba ya uanachama vinatosha kudai haki. Dini ya mtu, kabila lake na ugonjwa wake havina kazi katika hesabu ya majani. Sheria nazo ziko macho: Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Anayekusanya majina ya watu anawajibika kuyalinda, awe kampuni au chama.

Daftari la karatasi lisitupwe. Kwa mwaka mzima wa kwanza yaende yote mawili, na kila mwisho wa mwezi yalinganishwe. Yakipishana, itafutwe sababu kabla ya kwenda mbele ya mwajiri. Hesabu moja ya uongo iliyotoka kwetu itatumiwa kuzikataa hesabu mia za kweli.

Na matawi yasaidiane. Programu huria iliwafikia wenzetu wa kila nchi kwa sababu aliyetengeneza alimgawia jirani. Tawi lililokwisha kuandika ukurasa wa kilo liwape wengine ukurasa huo, nao waurekebishe na kuurudisha ukiwa bora. Tukikubaliana kiunzi kimoja kwa matawi yenye kazi moja, kijana akiondoka tawi hili, wa tawi la jirani anaweza kuja kushika alipoachia.

Vifaa hivi havitadumu milele. Bottle, Flask, Django na FastAPI vitapitwa, kama vilivyopitwa vingine kabla yao. Kinachopaswa kudumu ni kilo za mchuma zilizoandikwa kwa ukweli, mahali ambapo yeye mwenyewe anaweza kuzisoma na hakuna wa kumfungia mlango. Tawi likichagua kifaa ambacho wanachama wake wanaweza kukitunza, daftari litabaki la wanachama.

Umoja ni nguvu.